Plagi Nne za Gari la Mkunga

Kwa miaka kumi na minane nilisimama nyuma ya kaunta moja na mwanamke ambaye mji mzima ulimwita Mama Plagi. Mimi niliuza rangi, yeye aliuza plagi na mikanda ya feni, na katikati yetu palikuwa na mzani wa misumari ambao kila mmoja alidai ni kazi ya mwenzake. Duka lilikuwa refu na jembamba kama mfuko wa mwavuli. Rafu zilipanda mpaka darini, na ngazi ya mbao ilikuwa na kidato kimoja kibovu ambacho sisi wenyeji tulikiruka bila kukitazama. Wageni walikijua kwa magoti.

Hakuajiriwa kuuza. Aliletwa kufagia. Mtunza stoo wa wakati huo, mzee aliyeweka kila kitu kichwani na asiweke chochote kwenye karatasi, alishikwa na mgongo siku ya Jumatatu, siku ambayo mafundi wote hugundua walichosahau kununua Jumamosi. Watu wakajaa kaunta. Mwenye duka akawa anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Yule mfagiaji akaegemeza ufagio ukutani, akapanda ngazi, akaanza kushusha vitu: mkanda wa feni huu hapa, plagi za lori lile hizi hapa, gasketi iko kule mwisho mkono wa kulia. Ilipofika saa sita kaunta ilikuwa nyeupe.

"Umejuaje vilipo?" mwenye duka akamuuliza.

"Nimepangusa vumbi la rafu hizi miezi saba, mzee. Nisingejua vilipo, ningekuwa napangusa nini?"

Ufagio akapewa mtu mwingine.

Plagi, kwa asiyeijua, ni kitu cha urefu wa kidole, chini chuma na juu kauri nyeupe. Hufungwa kwenye kichwa cha injini, na kazi yake ni moja: kurusha cheche ndani ya silinda ili petroli iwake. Ukiitoa baada ya kazi, ncha yake huwa na rangi, na rangi hiyo Mama Plagi aliisoma kama daktari anavyosoma ulimi wa mgonjwa. Nyeusi kavu kama masizi, injini inalishwa kuliko inavyoweza kula. Nyeusi yenye utelezi, inakunywa oili. Nyeupe kama chaki, ina homa. Siku moja alipokea plagi ya bwana mmoja, akaigeuza chini ya taa, akamwambia, "Baba, gari hili lina madereva wawili, na mmoja wenu hajui kuondoa mguu kwenye mafuta." Mke wa yule bwana alikuwa amesimama nyuma yake. Mpaka wanafika mlangoni walikuwa wameshaanza kugombana ni nani.

Basi sifa zikamwendea, na yeye hakuzikimbia. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba alipenda kupatia mbele za watu. Alikuwa anasubiri kaunta ijae kidogo ndipo atoe jibu.

Sasa, asubuhi moja akaingia Mama Mkunga. Alikuwa amestaafu miaka kumi na mmoja nyuma, mwanamke mrefu, mwembamba, anayetembea kama mtu aliyeitwa. Nusu ya watu waliokuwa dukani saa ile walipokewa na mikono yake walipozaliwa, nami nikiwemo. Watoto wote wawili wa Mama Plagi aliwapokea yeye. Akaweka leso juu ya kaunta, akaifungua. Ndani mlikuwa na plagi nne kuukuu.

"Za Kobe," akasema.

Kobe lilikuwa gari lake, na halikuhitaji maelezo kwa mtu wa mji ule. Gari la mviringo, la kijani, mgongo umeinuka, taa mbili za mbele zimetoka nje kama macho ya mtu aliyesikia habari. Lilikuwa kuukuu tayari alipolinunua akiwa kijana, na alilitumia kuwafuata wajawazito usiku na mchana mpaka siku ya kustaafu. Siku hiyo alilirudisha nyumbani, akalifunika turubai, akalisahau. Au alijaribu kulisahau.

"Dada yangu ndiye kanichokoza," akatueleza. "Nimempigia simu kumwambia nakwenda kumtembelea Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ananiuliza nakwenda na nini. Namwambia na Kobe. Kacheka mpaka simu ikamdondoka. Kaiokota, kaniambia, 'Mdogo wangu, hilo gari na mimi tumefanana, tofauti ni kwamba mimi bado nawaka asubuhi.' Mimi na umri wangu huu nachekwa!"

Tukacheka wote, naye akacheka. Fundi Chapchap alikuwa ameshalifanyia kazi lile gari wiki tatu: kabureta, tangi, breki, matairi. Zilibaki plagi tu.

Mama Plagi akavaa miwani yake. Kauri ya moja ilikuwa na ufa, ya pili imevunjika shingo, nyingine mbili ncha zimeliwa zimekwisha. Maandishi yalikuwa yamefutika isipokuwa kwenye moja, nayo ilisomeka kwa shida. Akapanda ngazi, akapangua maboksi ya nyuma kabisa, akashuka na boksi dogo lililofifia. Akaliweka kando ya ile plagi ya zamani. Kaunta wakati huo ilikuwa imejaa.

"Kipenyo milimita kumi na nne, sawa. Namba ni hii hii," akatangaza. "Herufi ya mwisho tu ndiyo tofauti."

"Na hiyo herufi ina maana gani?" nikauliza. Sikuwa na nia mbaya. Mtu wa rangi huzoea kuuliza. Namba moja ikikosewa, ukuta wa mtu unakuwa wa waridi.

"Maana yake kiwandani wamebadilisha muhuri, Kaka Rangi. Wewe rudi kwenye makopo yako."

Watu wakacheka. Nami nikarudi kwenye makopo yangu.

Kesho yake, saa nne hivi, Fundi Chapchap aliingia. Huyu bwana aliitwa hivyo kwa sababu neno lake lilikuwa hilo moja. Ukimuuliza gari litakuwa tayari lini, chapchap. Ukimuuliza hali ya mkewe, anapona chapchap. Mama Plagi hakuwa anampenda sana. Alisema anafunga nati kama anayekimbizwa. Lakini siku ile aliingia polepole, akasubiri mteja aliyekuwa mbele yake amalize, kisha akaweka plagi moja juu ya kaunta. Ile ncha ndogo iliyopinda mwishoni, inayoacha mwanya wa cheche kurukia, ilikuwa imebanwa ikalala kabisa.

"Imegusana na pistoni," akasema kwa sauti ya chini.

"Umewasha?" Mama Plagi akauliza, na uso wake ukabadilika.

"Sikuwasha. Ziliingia vizuri, nikazikaza. Nikashika hendeli ya mbele niizungushe injini kwa mkono kwanza. Sijui kwa nini, Mama, siku zote mimi huwasha tu. Nadhani niliiogopa heshima ya mwenye gari. Ikazunguka kidogo, nikasikia *tok*, ikagoma. Nikaacha hapo hapo."

Mama Plagi akavuta droo, akatoa kipimo chake cha chuma chenye taya mbili. Akapima hesi za plagi ya zamani, ile sehemu yenye mizunguko inayoingia ndani ya injini. Milimita tisa na nusu. Akapima ile mpya. Kumi na tisa. Alirudia mara tatu, nadhani akitumaini chuma kitajirekebisha. Herufi ya mwisho ilikuwa na maana, na maana yake ilikuwa urefu. Plagi ndefu mara mbili ilikuwa imeshuka ndani ya silinda, na pistoni ilipopanda ikaikuta imesimama njiani.

Walikuwepo wateja sita. Niliwahesabu kwa sababu sikujua macho yangu niyapeleke wapi. Angeweza kusema boksi limeandikwa vibaya, au fundi amekaza kupita kiasi, na wote tungemwamini. Alivua miwani, ikaning'inia kifuani kwa kamba yake.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilipima upana, sikupima urefu. Kaka Rangi aliniuliza, nikamfanyia mzaha."

Kisha akavua aproni, akanipa funguo za droo, akaongozana na Fundi Chapchap kwenda kwa Mama Mkunga. Hakutaka apelekewe habari na mtu mwingine.

Yaliyotokea huko alinieleza fundi. Walimkuta Mama Mkunga uani anaanua nguo. Mama Plagi akasimama mbele yake, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeletwa ofisini, akasema yote kwa pumzi moja. Mama Mkunga akaendelea kukunja shuka.

"Injini imekufa?" akauliza.

"Hapana, Mama," fundi akamjibu. "Nimechungulia kwa tochi kwenye tundu. Pistoni ina alama ndogo kama punje ya mchele. Haina madhara."

"Basi mnakuja na nyuso za msiba za nini? Shika ncha hiyo ya shuka, binti yangu, tukunje." Mama Plagi akashika. "Mwaka wangu wa tatu kazini nilimwambia mama mmoja, mbele ya mumewe na mama mkwe wake, kwamba tumboni kuna mtoto mmoja wa kiume. Nilikuwa na uhakika, nimejaa kama pishi. Wakatoka mabinti wawili. Yule baba kila akikutana nami njiani alikuwa ananiuliza, 'Mkunga, yule wa kiume anakuja lini?' Miaka kumi na minne aliniuliza! Tangu hapo nikawa napapasa mara mbili. Kuteleza si kuanguka. Nitafutie plagi nyingine."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Zilibaki siku kumi na saba kabla ya ile Jumamosi.

Mama Plagi alipiga simu kila duka alilolijua. Wengi walikuwa na plagi za milimita kumi na nne, maana ndizo zimeenea, lakini zote ndefu. Magari ya sasa vichwa vyao vya injini ni vinene. Fupi zilikuwa za enzi nyingine. Mmoja akamwambia angeweza kuweka washa nne za shaba, zile pete bapa, chini ya ile ndefu ili isimame juu. Mama Plagi akamshukuru kwa adabu, akakata simu, akaniambia, "Huyo akishonewa suruali ndefu, atanunua viatu virefu." Mwingine alimpatia fupi kweli, lakini juu yake ilikuwa na kofia nene ya kudumu, wakati waya za Kobe ni za zamani, mwisho wake zina pete inayovikwa kwenye msumari wa hesi na kukazwa kwa nati. Kwa hiyo upana uwe sawa, urefu uwe sawa, na kichwani waya ikubali. Mchana hakula. Alikuwa anavunja mkate vipande vidogo na kuvipanga kaunta.

Sasa nimlete mumewe. Baba watoto wake alikuwa mtunza bustani wa hospitali, mtu mpole mwenye kofia, na mapenzi yake makubwa baada ya familia yalikuwa mashine ya kukatia nyasi. Kila jioni alisimulia habari zake: leo imekohoa, leo imekata uwanja wote bila kupumzika. Mkewe alikuwa anaitikia "ehee" huku akichambua mchele. Kwake yeye injini zilianzia kwenye gari kwenda juu. Hizo nyingine alikuwa anaziita viberiti.

Jioni moja, jua bado lipo, mume alikaa kizingitini anakwangua nyasi zilizogandia kwenye kisu cha mashine. Mke akaketi kando yake na kumwaga yaliyo moyoni.

"Fupi kiasi gani?" mume akauliza.

Akamwonyesha kwa ukucha wa kidole gumba. "Hivi. Hakuna dunia nzima."

Mume akainuka bila haraka, akaenda kwenye kopo lake la vikorokoro, akarudi na plagi mpya ndani ya karatasi.

"Baba watoto, hiyo ni ya kukatia nyasi."

"Nyasi hazijawahi kulalamika. Ipime."

Akapima. Kipenyo kumi na nne. Urefu tisa na nusu. Kofia ya juu aliishika kwa vidole viwili, akaizungusha. Ikafunguka, na chini yake ukatokea msumari wa hesi, mwembamba, unang'aa. Nati ya Kobe, aliyokuwa nayo mfukoni siku zote hizo, ikaingia kama iliyozaliwa nayo.

"Miaka ishirini na mbili," mume akasema, "nakusimulia habari za mashine hii."

"Nakusikiliza sana, mume wangu."

"Jana nilikwambia nini?"

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kitenge, na kesho yake alipotusimulia dukani alicheka tena. "Fimbo ya mbali haiui nyoka," akasema. "Na mimi nyoka amenilalia mlangoni, fimbo iko kwenye kopo la mume wangu."

Walinunua plagi nne kama ile kwa fundi wa mashine ndogo. Alasiri ya Ijumaa tukafunga duka mapema nusu saa, kwa ruhusa ya mwenye duka ambaye naye alikuja, tukaenda uani kwa Mama Mkunga. Mama Plagi alizipima zote nne, moja moja, ingawa zilitoka katoni moja. Fundi Chapchap akazungusha injini kwa hendeli, mizunguko miwili kamili, halafu miwili mingine, sikio kwenye boneti. Kimya. Akampa Mama Mkunga ishara.

Kobe likapiga chafya moja, likatoa moshi wa bluu, likawaka. Sauti yake ilikuwa kama mtu mnene anayecheka kwa tumbo. Majirani walitoka nje. Mwanamke mmoja mwenye taulo kichwani alipiga vigelegele kabla hajajua ni jambo gani. Mama Mkunga alikuwa amekaa kwenye usukani wima, mikono miwili, anatazama mbele.

"Twende," akasema. "Mwenye kupanda apande."

Tukapanda kilima cha nyuma ya hospitali. Nusu ya kilima nikasikia mlio mwembamba kutoka mbele, *ta-ta-ta-ta*, kama mahindi yanayopasuka kwenye sufuria yenye mfuniko. Juu kileleni Mama Mkunga akazima ufunguo, na injini ikaendelea. Ikatetemeka, ikazunguka mara nne tano bila ruhusa ya mtu, kama mgeni aliyeaga na bado ameshika kitasa cha mlango, ndipo ikanyamaza.

"Si mbaya," Fundi Chapchap akasema. "Gari kuukuu hilo. Turudi, chapchap."

"Hatuondoki," Mama Plagi akajibu. "Lipoe kwanza. Toa plagi moja niione."

Tulikaa juu ya majani tukingoja. Plagi ilipotolewa aliishika kwa kitambaa, akaisogeza kwenye mwanga. Kauri ya ndani ilikuwa nyeupe kama chaki, ina vidonda vidogo vidogo.

"Homa," akasema. Safari hii hakuangalia nani anamsikiliza. Alimwelekea fundi peke yake, na akamweleza polepole, kama anajieleza mwenyewe. "Hii imefaa kwa mwili, haijafaa kwa joto. Ona pua ya kauri ilivyo ndefu huko ndani. Pua ndefu inakaa na joto. Kwenye mashine ndogo ya nyasi ni sawa, inasaidia masizi yaungue. Lakini Kobe linabeba watu watano kilimani. Plagi inakuwa kaa la moto, petroli inawaka kabla ya cheche kuiamuru. Ndiyo ule mlio. Ndiyo maana ufunguo umezimwa na injini haina habari. Tukienda safari ndefu hivi, tutatoboa pistoni."

"Kwa hiyo tunataka yenye pua fupi," fundi akasema.

"Pua fupi, mwili huu huu. Inayoachia joto haraka."

Wakatazamana wale wawili, na kwa mara ya kwanza nikaona hawakuwa na ugomvi wowote. Plagi ikarudishwa, tukashuka kilima polepole garini, nikiwasikia wanabishana kwa furaha juu ya unene wa washa.

Jibu la pili nalo lilitoka kwenye kizingiti kile kile. Mume alipoulizwa ni injini gani ndogo inayofanya kazi nzito, hakufikiri hata kidogo. Pampu ya maji ya hospitali, akasema. Wakati wa kiangazi huwashwa asubuhi na kuzimwa jioni, haipumui, na kama plagi yake ingekuwa ya kushikilia joto ingekuwa imeshayeyuka kama mshumaa. Alimpeleka mkewe akaione. Fundi wa pampu akawachomolea moja. Ukubwa ni ule ule, urefu ule ule, kofia ya juu inafunguka, na pua ya kauri ndani imekaa chini, fupi, imejibanza. Namba yake na ile ya mashine ya nyasi zilitofautiana tarakimu moja. Mama Plagi aliiandika ile tarakimu kiganjani kwa kalamu ya wino, na hakunawa mkono ule mpaka alipofika dukani kuagiza.

Zilifika siku ya Jumatano, siku tatu kabla ya safari. Akazipima zote. Akaweka mwanya wa kila moja kwa kipande cha bati kilicho chembamba kama ukucha, akipitisha mpaka kikaingia kwa kukwama kidogo tu. Akanipa nami nipime.

"Mimi wa rangi?" nikamwambia.

"Wewe uliyeuliza habari ya herufi. Pima."

Nikapima. Zilikuwa sawasawa, na sikumbuki kama nimewahi kupewa heshima kubwa zaidi katika duka lile.

Kilima tulikipanda mara mbili, watu watano ndani. Hakuna mahindi yaliyopasuka. Kileleni ufunguo ukazimwa, na Kobe likanyamaza pale pale, kama mtoto aliyeambiwa. Plagi ilipotolewa, kauri yake ilikuwa na rangi ya biskuti, kavu, safi, sawasawa pande zote. Mama Plagi akaiinua tuione, akamkabidhi Fundi Chapchap, naye akaipokea kwa mikono miwili, akamwonyesha Mama Mkunga. Ilipita mkono kwa mkono kama picha ya mtoto mchanga. "Imepata uzito," Mama Mkunga akasema.

Jumamosi wakaondoka saa mbili asubuhi, Mama Mkunga kwenye usukani, Mama Plagi kando yake, Fundi Chapchap nyuma pamoja na spana, dumu la maji na plagi nne za akiba. Mimi nilibaki kusimamia rangi na plagi pamoja. Niliuza plagi tatu siku ile na kila moja niliipima urefu mara mbili, mteja mmoja akaniuliza kama ninaishonea nguo.

Ya huko nilisimuliwa na wote watatu, na kwa ajabu masimulizi yalikubaliana. Walifika bila kusimama njiani isipokuwa mara moja, fundi alipotaka tu kusikiliza, na hakusikia kitu. Dada mtu, bibi wa miaka themanini na moja, alikuwa amekaa kibarazani na miwani ya jua. Alipoona Kobe linaingia, hakuinuka.

"Mmelisukuma kutoka wapi?" akauliza.

"Njoo ushike boneti," Mama Mkunga akamwambia. "Uone kama ni moto wa jua."

Bibi akaja na fimbo yake, akashika, akaondoa mkono haraka. Akaamuru lifunguliwe. Akachungulia mle ndani kwa muda, akitafuta, nadhani, injini mpya iliyofichwa. Mama Plagi akamwonyesha plagi nne zilivyojipanga, na kumweleza zimetoka wapi.

"Yaani," bibi akasema, "mdogo wangu kaja kwangu kwa pampu ya maji?"

"Kwa pampu ya maji," Mama Mkunga akakubali.

Bibi akaanza kucheka. Alicheka akashika ubavu wa gari asianguke, mdogo wake akacheka naye, wakashikana mabega, na Mama Plagi aliniambia kwamba kwa muda ule usingejua yupi mkubwa na yupi mdogo. Walikuwa wasichana wawili tu waliosimama uani. Kisha bibi akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akamsogeza Fundi Chapchap kwa fimbo, akaketi katikati ya kiti, akapanga gauni lake.

"Kuna mwanamke mtaa wa pili," akasema, "tangu mwanawe anunue gari ananipungia mkono kwa vidole viwili. Tupite kwake. Polepole. Na mshushe vioo."

Wakapita. Halafu wakarudi wakapita tena, kwa sababu mara ya kwanza yule mwanamke alikuwa jikoni.